Ada Zilizojitokeza Baada ya Kununua Gari: Jinsi Mnunuzi Anavyoweza Kuzipinga

Tuseme mwalimu wa shule ya msingi ameweka akiba kwa miaka mitatu, akachukua mkopo wa Sacco, kisha akaenda yadi kununua gari dogo lililotumika. Gari tayari lina namba ya usajili ya Kenya. Muuzaji amemwambia bei ni shilingi 850,000. Mwalimu amelipa, amesaini mkataba na amepewa risiti.

Siku ya kuchukua gari anakabidhiwa karatasi nyingine. Ndani yake kuna ada ya kushughulikia hati shilingi 15,000, ada ya kubadilisha umiliki shilingi 12,000, kifaa cha kufuatilia gari shilingi 18,000, ada ya kuhifadhi gari yadini shilingi 8,000, na kitu kinachoitwa “salio la ushuru” shilingi 25,000. Jumla ni shilingi 78,000. Anaambiwa kwamba umiliki hautahamishwa hadi alipe zote.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wakazi wengi waliowahi kununua gari watautambua. Mnunuzi akifika hapo huwa yuko pabaya. Pesa zake ziko mikononi mwa muuzaji, na hati ya umiliki wa gari pia iko kwa muuzaji. Wengi hukopa tena, wakalipa na kunyamaza. Hata hivyo, sheria za Kenya haziruhusu kila ada kwa sababu tu imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Makala hii inaeleza ada zipi zinaweza kupingwa, kwa njia gani, na katika ofisi ipi.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na kile anachonunua. Kinampa pia haki ya kulindwa kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro katika bidhaa au huduma.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo, ya kupotosha au ya hila. Mkataba ukiwa na maneno yanayoweza kueleweka kwa njia zaidi ya moja, sheria hiyo inataka yafasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji. Na pale mkataba unapotaja makadirio ya gharama, muuzaji haruhusiwi kutoza kiasi kinachozidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10, isipokuwa mnunuzi mwenyewe amekubali kuongezewa bidhaa au huduma nyingine.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, inazungumzia ada moja kwa moja. Anayetoa huduma haruhusiwi kutoza ada, hata iitweje, ikiwa mteja hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma hiyo. Mteja ana haki ya kuelezwa ada zote zinazokusudiwa. Kushughulikia hati na kuhifadhi gari ni huduma, kwa hivyo kifungu hiki kinaweza kutumika dhidi ya ada za namna hiyo.

Kwa ufupi, swali la kwanza ni hili: je, mnunuzi aliambiwa kuhusu ada hiyo kabla ya kukubali bei? Kama hakuambiwa, jina la ada si hoja kubwa.

Kutenganisha ada

Kabla ya kubishana na yadi, mnunuzi anashauriwa kuchukua karatasi ya ada na kuigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ada za serikali. Uhamisho wa umiliki hufanywa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kwenye eCitizen. Muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake, na mnunuzi huthibitisha katika akaunti yake mwenyewe. Ada ya uhamisho hutegemea ukubwa wa injini, na kiasi kamili huonekana kwenye mfumo. Yeyote atakayelipa hupata risiti ya serikali. Kwa hivyo mwalimu wa mfano wetu, aliyeombwa shilingi 12,000, ana haki ya kuuliza risiti ya eCitizen inasema kiasi gani. Tofauti kati ya risiti hiyo na shilingi 12,000 si ada ya serikali. Ni malipo ya yadi, na yanafaa kuitwa hivyo.

Fungu la pili ni ada za yadi yenyewe, kama vile kushughulikia hati, kuosha gari au kulihifadhi. Hizi si haramu. Muuzaji ana uhuru wa kutoza huduma zake, mradi amezitaja mapema na mnunuzi amekubali. Ada ya kuhifadhi gari inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ikiwa gari lilikaa yadini kwa sababu muuzaji mwenyewe alichelewa kukamilisha hati, ni vigumu kueleza kwa nini mnunuzi alipie siku hizo.

Fungu la tatu ni vitu vya ziada, kwa mfano kifaa cha kufuatilia gari, bima au dhamana ya matengenezo. Aliyenunua kwa mkopo anaweza kukuta kwamba mkopeshaji ameweka kifaa hicho na bima kubwa kuwa sharti la mkopo. Hapo mahali pa kuangalia ni mkataba wa mkopo. Aliyelipa taslimu hana sababu ya kulazimishwa kununua kifaa ambacho hakukiomba. Anaweza kutaka kiondolewe na bei yake ifutwe.

“Salio la ushuru” linastahili maelezo yake. Gari linaloingizwa nchini hulipiwa ushuru na aliyeliingiza kabla ya kusajiliwa. Gari ambalo tayari lina namba ya Kenya na limekuwa likitumika hapa kwa kawaida halidaiwi ushuru mwingine wa forodha kwa sababu tu limebadilisha mikono. Isipokuwa moja ni gari lililoingizwa kwa msamaha wa ushuru, kwa mfano la mwanadiplomasia. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru huweza kudaiwa. Hata hapo, muuzaji anapaswa kuonyesha hati ya madai kutoka Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), na aeleze kwa nini hakulitaja jambo hilo alipotangaza bei.

Kuna pia kamisheni ya dalali. Dalali hulipwa na aliyemtuma. Kama mnunuzi hakumwajiri wala kukubaliana naye, kamisheni hiyo ni kati ya dalali na muuzaji.

Hatua ya kwanza: kukusanya ushahidi

Kinachoamua mgogoro wa aina hii mara nyingi ni maandishi yaliyokuwapo kabla ya mkataba kusainiwa. Mnunuzi anapaswa kuweka pamoja tangazo la gari lililoonyesha bei, hata kama ni picha ya skrini ya simu. Ujumbe wa WhatsApp au SMS alioandikiana na muuzaji. Mkataba wa mauzo. Risiti za benki na ujumbe wa M-Pesa. Na karatasi ya ada mpya. Ujumbe wa simu usifutwe hata baada ya kuchapishwa.

Kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, mnunuzi aandike siku hiyo hiyo kile kilichosemwa, nani alikisema, na nani alikuwapo. Fundi au jamaa aliyemsindikiza yadini anaweza kuwa shahidi.

Mnunuzi pia aombe taarifa za usajili wa gari kupitia eCitizen. Taarifa hizo huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa. Wakati mwingine yadi huuza gari kwa niaba ya mtu mwingine, na ni vyema kujua tangu mwanzo madai yanaelekezwa kwa nani.

Hatua ya pili: barua kwa muuzaji

Malalamiko ya mdomo kwenye kaunta husahaulika. Barua fupi au baruapepe yenye tarehe hubaki. Haihitaji wakili wala lugha ngumu. Mwalimu wa mfano wetu angeweza kuandika hivi:

“Kwa Meneja wa Mauzo. Tarehe niliyosaini mkataba tulikubaliana bei ya shilingi 850,000, nami nimeilipa yote. Tarehe ya kuchukua gari nilipewa orodha ya ada za shilingi 78,000 ambazo sikuelezwa kabla ya kusaini. Naomba mnionyeshe kwa maandishi msingi wa kila ada, pamoja na risiti ya serikali kwa ada za uhamisho na ushuru. Niko tayari kulipa ada ya uhamisho kama inavyoonekana kwenye eCitizen. Ada nyingine nazipinga. Naomba jibu na kuanzishwa kwa uhamisho ndani ya siku saba. Nisipopata jibu nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani na madai mahakamani.”

Barua hii haitishii mtu wala kutukana. Inataja kilichokubaliwa, kinachopingwa, kinachokubalika na muda wa kujibu. Kukubali kulipa kile kinachostahili humsaidia mnunuzi baadaye, kwa sababu huonyesha kwamba hakuwa anakwepa deni halali. Nakala ipelekwe kwa mkono na kugongwa muhuri wa kupokelewa, au itumwe kwa njia itakayoonyesha kwamba imefika.

Muuzaji akikataa kuhamisha umiliki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukata tamaa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki hakiruhusu gari lililobadilisha mmiliki kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kama mmiliki mpya hajasajiliwa. Mnunuzi anayeendesha gari ambalo bado lina jina la mtu mwingine anaweza kupata matatizo na polisi, na akipata ajali anaweza kupata matatizo na kampuni ya bima. Muuzaji naye hana usalama, kwa sababu rekodi za serikali bado zinamtambua yeye. Jambo hilo linafaa kutajwa katika mazungumzo.

Ikiwa mnunuzi analihitaji gari mara moja na hana namna nyingine, anaweza kulipa huku akiandika kwamba analipa kwa pingamizi na kwamba atadai kurudishiwa. Maneno hayo yaandikwe kwenye nakala ya risiti au yatumwe kwa ujumbe siku hiyo hiyo. Kulipa kimyakimya kunaweza kutafsiriwa baadaye kuwa ni kukubali. Malipo yapite benki au M-Pesa ya biashara, si mkononi mwa mfanyakazi wa yadi, na kila ada ipewe risiti yake.

Jambo la kuepuka ni kuchukua gari kwa nguvu, kuzuia lango la yadi, au kusimamisha hundi iliyokwisha kutolewa kwa bei yenyewe ya gari. Hatua kama hizo humgeuza mwenye malalamiko kuwa mshtakiwa.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu maelezo ya kupotosha na mienendo isiyo ya haki ya wafanyabiashara. Mlalamishi hueleza kilichotokea na kuambatisha ushahidi wake. Mamlaka inaweza kuchunguza na kuchukua hatua dhidi ya mfanyabiashara. Njia hii hufaa zaidi pale yadi inapowatendea wanunuzi wengi vivyo hivyo.

Anayetaka kurudishiwa pesa zake anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo yale ya mikataba ya kuuza bidhaa na kutoa huduma. Shilingi 78,000 ziko ndani kabisa ya kiwango hicho. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Mahakama haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, kwa hivyo mwananchi wa kawaida anaweza kueleza kisa chake na kuonyesha ujumbe wa simu na risiti bila kupotea katika taratibu. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Anayekata rufaa huenda Mahakama Kuu, na ni kwa masuala ya kisheria pekee.

Mahali ambapo Mahakama ya Madai Madogo haijafika, mahakama ya hakimu inaweza kusikiliza madai hayo. Madai ya mkataba huweza kufunguliwa ndani ya miaka sita, lakini kuchelewa hakumsaidii mtu. Mfanyakazi aliyetangaza bei huenda akahama, na simu yenye ujumbe huenda ikapotea.

Aliyenunua kwa mkopo wa benki na anayepinga ada za benki yenyewe aanze na idara ya malalamiko ya benki hiyo. Asiporidhika anaweza kuandikia Benki Kuu ya Kenya.

Kaunti inahusika vipi

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali mbili. Ulinzi wa watumiaji umewekwa chini ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti imepewa ukuzaji na usimamizi wa biashara, zikiwemo leseni za biashara na mienendo ya haki katika biashara.

Maana yake ni kwamba afisa wa biashara wa kaunti hawezi kuamuru yadi irudishe pesa kama mahakama inavyoweza. Anachoweza ni kuthibitisha kama yadi ina kibali cha biashara cha mwaka huu, kupokea taarifa kuhusu mfanyabiashara anayehadaa wateja, kuwakutanisha pande mbili wazungumze, na kumwelekeza mlalamishi kwenye ofisi inayofaa. Jina la biashara lililo kwenye kibali humsaidia pia mdai kujua ni nani hasa wa kushtakiwa, kwa sababu jina lililo kwenye bango la yadi si lazima liwe lile lililosajiliwa.

Pale malalamiko yanapokuwa dhaifu

Si kila ada inayomshangaza mnunuzi ni batili. Kama ada iliandikwa wazi kwenye mkataba kwa kiasi chake, na mnunuzi akasaini bila kusoma, itakuwa vigumu kuipinga. Angalau atalazimika kuonyesha kwamba alipotoshwa kuhusu maana yake. Kama tangazo lilisema bei haijumuishi gharama za uhamisho, gharama hizo ni zake. Na kama mnunuzi mwenyewe aliomba gari likae yadini hadi mkopo utoke, huenda akalipia siku hizo ikiwa sharti hilo lilitajwa.

Kwa upande mwingine, maneno “pesa hazirudishwi” yaliyochapishwa chini ya risiti hayafuti haki ambazo sheria imempa mtumiaji.

Aliyenunua gari kutoka kwa jirani au mfanyakazi mwenzake, mtu asiyefanya biashara ya magari, huenda asipate msaada mkubwa kutoka Mamlaka ya Ushindani. Hata hivyo, makubaliano yao bado ni mkataba, na Mahakama ya Madai Madogo iko wazi kwake.

Kabla ya kusaini

Mgogoro huu wote unaweza kuzuiwa na swali moja linaloulizwa kabla ya pesa kutoka: “Nikilipa kiasi hiki, kuna shilingi nyingine yoyote nitakayodaiwa hadi gari liwe kwa jina langu?” Jibu liandikwe ndani ya mkataba. Sentensi moja inatosha, kwa mfano: “Bei ya shilingi 850,000 inajumuisha gharama zote hadi umiliki uhamishwe kwa mnunuzi.” Muuzaji asiyekubali kuandika hivyo ataje ada zake moja moja, na mnunuzi apige hesabu upya akiwa bado na pesa zake mfukoni.

Ni vyema pia mkataba utaje tarehe ya mwisho ya kuanzisha uhamisho, na mnunuzi abakishe sehemu ya malipo hadi ombi lionekane kwenye akaunti yake ya eCitizen. Akiwa na chochote alichobakiza, hazungumzi na yadi akiwa mikono mitupu.

Wakazi wasio na akaunti ya eCitizen, au wanaohitaji kusaidiwa kupata taarifa za gari na kuthibitisha uhamisho, wanaweza kufika katika Kituo cha Huduma kilicho karibu nao wakiwa na kitambulisho cha kitaifa na namba ya KRA PIN. Wenye malalamiko kuhusu yadi iliyo ndani ya kaunti waende katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yao wakiwa na nakala za mkataba, risiti na barua waliyomwandikia muuzaji. Nakala halisi wabaki nazo wenyewe.